Sufuria Lililosuguliwa Mno

Mjukuu wangu hapashi chakula kabla hajapindua chombo. Anakishika kile kibakuli cha plastiki, anakigeuza kichwa chini, anakodoa macho kutafuta alama fulani kwenye kitako chake, na asipoiona hakitii kwenye maikrowevu hata umwambie unakufa njaa. Mimi nimekaa pale jikoni kwake nangoja uji upate moto, yeye anasoma vitako vya vyombo. Siku moja uzalendo ukanishinda, nikamwambia, "Wewe, unapasha uji au unasoma hitima?" Akacheka. Akasema, "Bibi, vingine vinatoa sumu, usione vinang'aa." Nikanyamaza, nikanywa uji wangu wa uvuguvugu. Yeye hajui kwa nini nilinyamaza. Kumsimulia mdomo kwa mdomo siwezi, maana nitalia, na mimi kulia mbele ya watoto sipendi.

Mama yangu alikuwa mpishi wa shughuli Kariakoo, miaka ya hamsini. Harusi, hitima, maulidi, ukiona moshi mkubwa uani kwa mtu mitaa ile ya karibu na soko, basi mama yangu yuko katikati ya moshi huo, kajifunga kanga kiunoni, ana mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Alipika tangu mimi sijazaliwa. Na tangu nilipopata akili alikuwa na neno moja: "Harusi za watu nimepika. Yako nitaipika mpaka watu walambe vidole na vya jirani." Alilisema akinisuka, alilisema akinipiga, alilisema hata siku nilipovunja ungo nikakimbilia kwa shangazi. Hakuwa na binti mwingine. Kwa mama yangu, mambo yote ya duniani yalikuwa njiani kuelekea kwenye masinia ya harusi yangu.

Tulikaa nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli kule Gerezani, anarudi jioni ananuka grisi, anakula, anashukuru, analala. Maneno alikuwa nayo machache na wala hakuyaongeza. Ng'ambo ya njia, mkabala na mlango wetu, kulikuwa na duka la Mhindi, na mkewe sisi tulimwita Mama wa Dukani. Wao ni Wahindu, hawagusi nyama, na hawakuwahi kula kwetu hata tonge. Lakini alikuwa jirani mwema. Ukiumwa atakuja kukujulia hali, atasimama mlangoni na sari yake kichwani, hataketi, na hataondoka upesi.

Sasa nije kwenye sufuria. Lilikuwa la shaba, kubwa, mtoto anaweza kuoga ndani yake akasalia na nafasi ya kuchezea. Bibi yangu alikuja nalo kutoka Kilwa limeviringishwa kwenye jamvi, na alipokufa likawa la mama. Kila baada ya shughuli mama alilisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa makumbi ya nazi, kisha akalipitisha maganda ya ndimu, nje na ndani, hasa ndani. Likitoka hapo linapandishwa kwenye chanja uani, linaanikwa juani, na jua la Dar es Salaam likilipiga huwezi kulitazama. Siku hizo mwanamke alipimwa kwa chanja yake. Wageni wakija kuposa, kabla hawajamtazama binti wanatazama chanja. Msitukane, ndivyo tulivyokuwa. Nyumba yenye sufuria la kijivu ilisemwa mpaka Mnazi Mmoja.

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia alipita fundi wa kupaka bati. Alikuwa Mhindi mwembamba, ana mivukuto yake ya kupulizia moto na kapu la makaa. Akipata kazi anachimba shimo dogo pale pale njiani, anawasha moto, analipasha sufuria, analisugua na bati ndani kwa pamba mpaka linakuwa jeupe kama jino. Baada ya wiki chache weupe ule unafifia, unakuwa wa kijivu. Hicho kijivu ndicho mama alichokichukia. Alikuwa na imani yake, na hakuna aliyeweza kumtoa kwayo: kwamba bati ni la wavivu, eti wanawake wasiotaka kusugua wanampa fundi afunike uchafu wao.

Mwaka nilioposwa fundi alichungulia uani, akalitazama sufuria, akasema, "Mama, ndani limeshakuwa jekundu. Ukipika leo ukala leo, halina neno. Lakini usilaze kitu kichachu humu."

Mama hakuinua hata uso. "Wewe unatafuta kazi, mimi natafuta usafi. Pita, baba, Mungu atakupa kwingine."

Akapita. Nilikuwa nimeketi karibu nachambua mchele, mwari mzima, nimeshaposwa. Wala mimi sikuona neno. Nilikuwa upande wa mama, kwa sababu chanja yetu ilikuwa inawaka na ya jirani haiwaki, basi.

Mchuzi wa ukwaju wa mama ndio uliompa jina. Wengine walipika pilau vizuri, nakiri, lakini mchuzi ule wa kumwagia juu hakuna aliyeupata. Ulitakiwa ulale ndipo ukolee. Siku zote aliulaza kwenye chungu kikubwa kilichokuwa na umri wangu. Ikatokea hitima ya jirani yetu mmoja, kafiwa na mama yake, na siku ya kuamkia hitima, alasiri, chungu kikapata ufa, mchuzi ukaanza kuchirizika kwenye jivu. Mama hakubabaika. Alichukua sufuria lake linalong'aa, akaumimina humo, akalifunika kwa kawa, akaenda kuswali. Kwake hapakuwa na chombo kisafi zaidi mji mzima.

Asubuhi aliuonja. Akakunja uso kidogo. "Ukwaju umekolea leo," alisema, "una ladha kama umelamba sarafu." Akaongeza sukari guru.

Watu walikula baada ya sala ya adhuhuri. Kabla ya alasiri walikuwa wanatapika. Sitaki kuipamba habari hii. Walitapika barazani, kwenye mitaro, nyuma ya nyumba, wanaume wazima wameshika ukuta, kanzu zimechafuka. Mama alikimbia huku na huku na maji ya ndimu, na wengine waliyapokea na wengine walimtazama tu. Wengi walipona siku ile ile. Ila palikuwa na mzee mmoja, mgonjwa wa kifua tangu masika, hata kuja kwenye hitima alishikwa mkono. Naye akafa kabla wiki haijaisha. Kilichomwua anakijua Mungu. Mtaani lakini walikuwa na jibu tayari, na jibu lao lilikuwa mama yangu.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wakaanza kusema ana mkono mbaya. Wakasema kachanganya kitu. Wengine, hao ndio walioniuma zaidi, wakasema ni mchafu. Mama yangu, mchafu. Alisikia, maana mitaa ile hufichi kitu, ukuta mmoja nyumba mbili. Akamlaumu mchinjaji. Akayalaumu maji ya bomba. Kisha akalishusha sufuria kwenye chanja, akalisugua upya siku nzima, kwa mchanga mpya, mpaka vidole vikachubuka, akakandamiza, akakandamiza, akitaka mtu yeyote apite aone. Nikikumbuka mgongo wake siku ile hasira hunipanda mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani.

Wito ukakatika. Shughuli zilipita jirani kabisa na sisi, moshi unaingia mpaka chumbani kwetu, na mama amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha wa watu watatu. Hakulia. Aliuliza swali moja tu, tena kwa baba, jioni, baba anakula: "Na ya mwanangu? Watanizuia hata ya mwanangu?"

Baba alimaliza tonge. "Watakula," alisema. Alikuwa mume mwema. Uongo pia ni wema wakati mwingine.

Haukupita muda mama wa mchumba wangu akaja kutoka Gerezani. Aliketi ukumbini, akasifu nyumba, akauliza hali ya kila mtu, kisha akasema kwa sauti laini kabisa, "Dada, siku ya harusi wewe ni mama wa bibi harusi. Pumzika. Mpishi tutaleta sisi."

"Mimi sijachoka," mama akasema.

"Najua, dada. Lakini pumzika."

Alipoondoka, mama aliingia jikoni akapika mchuzi wa ukwaju, tele, kama wa shughuli. Akaulaza kwenye sufuria lile lile. Kesho yake alipakua bakuli, akaketi peke yake uani, akala lote, ili ajue kama ni mkono wake. Mimi nilimkuta ameinamia mtaro, ameshika tumbo, na anachotapika kina rangi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu. Nikapiga yowe. Wa kwanza kufika, na wa pekee, alikuwa Mama wa Dukani. Safari hii hakusimama mlangoni. Aliingia mpaka uani, akamshika mama kichwa, akaniagiza maziwa. Mama alipotulia, yule bibi akatazama bakuli, akalitazama sufuria, akainama akachungulia ndani.

"Bati liko wapi?" aliuliza.

"Bati gani?"

"Humu ndani ni shaba tupu. Sisi tukilaza hata mtindi humu tunakufa. Nani ametoa bati?"

Mama alijifuta mdomo kwa kanga. Kisha akajibu, "Mimi." Akayatazama makumbi yake yaliyopangwa vizuri pembeni ya karo, na ule mchanga kwenye kifuu. "Mimi nimelitoa. Nimelisugua mpaka limekwisha."

Mtu anaweza kudhani hapo mambo yalinyooka. Mama naye alidhani hivyo. Alipopata nguvu alijitanda ushungi akapita nyumba hadi nyumba kueleza: si mkono wangu, ni sufuria, bati lilikwisha, na ukwaju ukilala kwenye shaba unageuka sumu. Alieleza vizuri. Wakamkaribisha, wakamsikiliza, wakasema, "Alaa, kumbe." Na akigeuza kisogo tu: "Sufuria? Sufuria lina miguu, liliingia jikoni lenyewe?" Mwanamke mmoja alimwambia usoni, "Sufuria la mama yako mzazi hilo, limepika miaka yote hiyo, leo ndiyo limekuwa na sumu?" Maji yakimwagika hayazoleki. Mama alirudi nyumbani, akalipandisha sufuria kwenye chanja, mdomo chini, na hakulisugua tena. Likaanza kuwa jeusi, kisha kijani kwenye mikunjo.

Mimi sikuwa mtoto wa kunyamaza. Nikamwita somo yangu, yule mama aliyekuwa ananifunda, nikamwambia apeleke salamu Gerezani: harusi yangu asipopika mama, mimi sitoki ndani, waoe mlango. Somo alinifokea, akasema mwari hana mdomo. Nikamwambia wangu ninao, nilizaliwa nao. Sijutii. Hata kwa yaliyotokea, sijutii, maana ningekaa kimya ningekuwa nimewasaidia.

Wakakubali, kwa sharti: sufuria lile lisionekane. Mama alifurahi, nilimwona akifurahi, akaanza kuchagua mdalasini na iliki hata kabla ya kujua atapikia nini. Kisha akaenda kuazima. Kariakoo nzima masufuria yapo, nyumba moja inalo, ya pili inalo, na siku zote yalizunguka kama mbuzi wa mtaa, leo kwako kesho kwangu. Safari hii moja lilikuwa limetoboka, jingine limeazimwa Ilala, jingine ufunguo wa stoo umepotea. Wa mwisho angalau alisema kweli: "Likitoka kwako, dada, mimi nitampikia nani tena?"

Mama wa Dukani aliyasikia hayo. Siku iliyofuata mkokoteni ulisimama mlangoni kwetu, na juu yake sufuria kubwa, jipya kwa bati, ndani jeupe pe. Yeye mwenyewe alifuata nyuma.

Mama akasema, "Mama, mimi napika nyama."

"Najua."

"Likipikiwa nyama wewe hulitaki tena."

"Silitaki tena," alisema Mama wa Dukani. "Chukua. Lakini usisugue kwa mchanga. Kitambaa na majivu laini, basi."

Mama aliliinamia akalichungulia. Akapitisha kiganja ndani, pole pole, kuanzia kwenye kitako mpaka kwenye mdomo, kama anayempapasa mtoto kutafuta palipouma. Hapo ndipo nilipomwona akilia, kwa mara ya kwanza tangu hitima.

Siku ya harusi nilikuwa chumbani, nimefunikwa, somo kando yangu. Harufu ya pilau ilijaa nyumba. Nikwambie, lilikuwa pilau la mtu aliyesubiri maisha yake yote kulipika. Nikah ilisomwa, adhuhuri ikapita, nikasikia mama akitoa amri uani, sauti yake ya zamani imerudi, inawakimbiza vijana wa kubeba. Mchuzi wa ukwaju hakuulaza popote. Aliupika asubuhi ile ile, kwenye chungu kipya, mbele ya watu.

Lakini akafanya jambo, na kalifanya kwa nia safi. Masinia yalipopangwa barazani na wanaume wamenawa, mama alitoka na ushungi wake akapita sinia kwa sinia, na katika kila moja akamega tonge akala, wote wakimtazama. Alitaka kuwatoa hofu. Somo, aliyekuwa akichungulia kwenye pazia, alisema kwa sauti ya chini, "Loo, asingefanya hivyo." Na ni kweli. Wapo waliokuwa wamesahau, akawakumbusha.

Nisikilize vizuri hapa. Sinia tupu hulia. Likirudi kutoka barazani, kijana akalitua kwenye sakafu ya saruji ya ukumbini, linalia, na nyumba ya harusi nzuri hulia hivyo mfululizo, kila mtu anasikia kuwa watu wamekula. Lenye chakula halilii. Linatua kwa uzito, kimya. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiliza. La kwanza likatua kimya. Nikasema labda ni la kuongeza. La pili kimya. Likaja jingine, na jingine, na somo akaanza kuimba kwa nguvu ili nisisikie, nikamshika mkono nikamwambia anyamaze.

Huko nje walikuwa wanasema, "Alhamdulillahi, tumeshiba," na "Mama, umepika," na wanashukuru, na wananawa mikono ambayo haikuwa na mafuta. Walikuwa watu wa adabu. Pembeni ya kila sinia walichimba kidogo, kwa heshima.

Mama aliingia. Alikuwa amebeba sinia lile dogo la bibi harusi, kalijaza, mchuzi juu. Uso wake haukuwa na kitu. "Kula, mwanangu," alisema. "Bibi harusi hatoki kwao na njaa."

Mwari siku ile hali. Anaonja matonge mawili kwa aibu, somo anamaliza. Mimi nilifunua uso wangu wenye wanja, hina mikononi, nikakunja mikono ya nguo niliyoshonewa, nikala. Somo akanong'ona, "We mtoto, utachafuka." Nikala. Nilikula wali, nikala nyama, nikala viazi, nikaulamba mchuzi kwa vidole, mpaka tumbo likaniuma kwa shibe, na sikuacha punje. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Lilikuwa tamu. Naapa lilikuwa tamu.

Nilipomaliza alilichukua sinia mikononi mwangu. Akalitua sakafuni, likalia. Akaliinua, akalitua tena, na tena, akiinamisha sikio.